Punje za Stenlesi za Kwenda Nazo Tawa

Mwende wangu,

Umeenda kanisani kuombewa safari, na mimi nimebaki nyuma kwa kusingizia goti. Goti haliumi. Nilijua tu kwamba mchungaji atasimama, atawashukuru wote waliokufikisha hapa, halafu atamtaja Katunge wa Tawa aliyekupa kazi, na kanisa lote litapiga makofi. Mikono yangu ingekataa, na wale kina mama wa kwaya wana macho.

Kwa hivyo nimeketi hapa karakana, juu ya lile debe la rangi ninalolifanya kiti, naandika. Baba yako amepita akaniona na kalamu.

"Unaandika nini wewe?"

"Barua ya mtoto."

"Mtoto anaenda Tawa, haendi Ulaya. Ukipanda kilima ukiita kwa nguvu ataitika."

"Basi panda wewe umwite."

Ameondoka akicheka. Akageuka mlangoni, akasema, "Mama Mwende, huo ni wivu." Nimemwambia afunge mlango, vumbi linaingia.

Sitakuandikia habari ya kula vizuri, wala ya viatu vya ngozi, wala ya kutembea na wenzako jioni. Hayo nimeyasema mpaka unayamalizia kabla sijafika katikati. Nataka kukuandikia juu ya shoti, zile punje za chuma tunazopuliza kwa hewa ili chuma kichafu kitoke safi. Unaweza kusema, Mwaitu, mama yangu, hilo si nitafundishwa kule? Ndiyo. Ndiyo sababu naandika leo. Katunge atakufundisha kuchagua shoti, na atakufundisha vizuri. Yule mwanamke anajua kazi, nikikataa hilo Mungu ananisikia. Lakini siku atakapofungua mdomo, nataka sauti yangu iwe imeshakaa kichwani mwako kwenye kiti cha mbele, na yake itafute nafasi huko nyuma karibu na mlango.

Wewe unamjua Katunge mwenye kompresa kubwa na kabati la kupulizia ambalo mtu mzima anaweza kuingia na asikunje mgongo. Mimi namjua Katunge aliyekuwa hana kitu. Tulianza siku moja, wasichana wawili, kwa fundi mmoja wa mageti pale Kitui mjini. Yeye alishika mpira wa hewa, mimi nilijaza mchanga. Siku hizo hatukujua punje za chuma. Tulipuliza mchanga wa mto, maana mchanga kwetu uko kila mahali, unachota tu. Jioni tulitoka tukiwa weupe kama tumelala ndani ya gunia la unga. Tulikula muthokoi kwa sufuria moja, na mahindi yenyewe yalikuwa na mchanga. Tulicheka sana. Huyo fundi alikuwa akisema mimi ndiye mwenye mkono, Katunge ana bidii tu. Alisema hivyo mbele ya wateja. Ukifika Tawa muulize Katunge kama nasema uongo, uone atakavyojifanya anatafuta grinda.

Kifua changu kinachopiga filimbi wakati wa baridi, kile unachodhani ni homa, ni ule mchanga. Vumbi lake ni dogo kuliko unga, na likiingia halitoki. Kwa hivyo la kwanza ni hilo. Mchanga usipulize. Hata mtu akikuambia ni wa bure, ni kazi ndogo, ni geti moja tu la jirani. Anayekuambia hivyo hajawahi kulala akiwa ameketi.

Sasa nikupeleke Tseikuru.

Hadithi ya tangi la Tseikuru unaijua kwa kicheko cha watu. Sokoni hapa kwetu Tulia kila mtu anaijua, na kila mtu anaisimulia vibaya. Mimi ndiye mwenyewe, acha niisimulie mara moja sawasawa.

Wafugaji wa nyuki wa kule walitaka tangi la asali, la stenlesi, lenye bomba chini. Walikuja kwangu. Hawakwenda Tawa. Walipita mafundi wote wa Kitui wakaja kwangu, kwa sababu nilikuwa nimetengeneza geti la shule yao na lilikuwa halijalegea hata bawaba moja. Nikatengeneza tangi. Mwende, lile tangi lilikuwa zuri! Pale nilipochomelea huwezi kupata mstari ukipitisha kucha. Kisha nikaweka muhuri wangu karibu na mdomo, zile herufi nilizochonga mwenyewe: MAMA MWENDE, TULIA.

Likabaki kusafishwa, ule weusi na magamba yanayobaki baada ya kuchomelea yatoke. Nilikuwa na kabati dogo, hilo hilo ninaloliangalia sasa. Ndani kulikuwa na punje za chuma cha kawaida nilizotumia kwa mageti na madirisha mwaka mzima. Unanijua. Kwetu hatutupi kitu. Hata zile zilizomwagika chini nilizifagia, nikachekecha, nikarudisha. Nikapuliza tangi lote, nje na ndani. Likatoka na rangi moja tulivu kama mwezi ulio nyuma ya wingu jembamba. Nilikuita ukaliangalia. Abdi akalipakia kwenye lori lake la mbuzi, likaenda.

Mvua ziliponyesha, Abdi akarudi nalo.

Alisimamisha lori pale mbele, siku ya soko, akashuka polepole, akaegemea mlango. Wewe ulikuwa umevaa sare ya shule.

"Mama Mwende," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza ndizi, "mtoto wako ni mgonjwa. Ameshikwa na surua."

Tangi lilikuwa na madoa ya kahawia, madogo madogo, mwili mzima. Stenlesi! Chuma ambacho niliapa kwa watu wale kwamba hakitaona kutu mpaka wajukuu wao wazeeke. Watu wakakusanyika. Mmoja akauliza kama limechanjwa. Mimi nikapandisha sauti, nikasema maji ya Tseikuru yana chumvi, nikasema mbuzi wamelikojolea, nikasema wamelisugua kwa waya. Abdi akasema, "Mama, mbuzi wangu wana heshima." Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Na nani alikuwa amekuja soko la Tulia siku hiyo kununua ndengu? Katunge.

Alipita katikati ya watu. Hakucheka. Hilo ndilo siwezi kumsamehe, mwanangu. Angecheka tungekuwa tumemaliza. Aliinama, akaweka kidole kwenye doa moja, akaninong'oneza sikioni mimi peke yangu.

"Ulipuliza na punje gani?"

"Zangu."

"Za mageti?"

Nikaanza kulifuta doa kwa leso.

"Zimeacha chuma cheusi kwenye ngozi ya stenlesi," akasema. "Tangi haliumwi. Ni zile chembe zinaoza juu yake."

Kisha akawageukia watu, akasema kwa sauti kwamba tangi limeharibikia njiani, kwamba kwenye lori kulikuwa na vyuma vya kale. Akamsingizia Abdi mchana kweupe, na Abdi, kwa kuwa ni mtu mwema na alikuwa ameshacheka vya kutosha, akakubali. Katunge akalichukua tangi hadi Tawa. Akalisafisha kwa ile dawa kali ya kuondoa kutu, akalipuliza upya kwa punje za stenlesi, na halikurudi hapa, alilituma moja kwa moja Tseikuru. Liko huko hadi leo, halina doa. Na muhuri wangu hakuugusa. Aliupuliza pembeni pembeni kwa uangalifu, herufi zikabaki zimesimama vile vile: MAMA MWENDE, TULIA.

Watu wakinisikia nikimsema Katunge hudhani ni kwa sababu alinishinda. Angenishinda ningenunua mashine kubwa kuliko yake hata kama ni kwa kuuza ng'ombe. Lakini alinisitiri. Kila mteja anayekuja kwangu kwa sababu ya lile tangi, na huja, najua nusu ya sifa ni ya mwanamke aliye Tawa anayekula ndengu za Tulia. Huo ni mzigo mbaya sana wa kubebeshwa na mtu uliyekuwa ukimzidi mkono.

Na kuna jambo jingine. Alipokuwa anaondoka alikushika mkono, akakuwekea kidole chako kwenye doa, akakuuliza, "Unasikia linavyokwaruza?" Ukasema ndiyo. Ukamwangalia. Mwende, mimi nimezaa, najua macho ya mtoto. Hivyo ulivyomwangalia, hukuwa umewahi kuniangalia mimi, na mimi siku hiyo nilikuwa nimekupikia chapati.

Basi sasa nisikilize mimi, kabla yake.

Mteja akileta kitu, usikimbilie kuuliza shoti gani. Kiulize hicho kitu kwanza. Wewe ni nani, utaishi wapi, utapakwa rangi au utabaki uchi? Geti litakalopakwa rangi halihitaji stenlesi. Litie punje za chuma za kawaida, tena zile zenye kona kali, zilikwaruze ili rangi ipate pa kushika. Ukiliwekea stenlesi unamwaga mali. Lakini chombo cha stenlesi, cha maziwa, cha asali, cha hospitali, hicho ni stenlesi kwa stenlesi, na punje ziwe mviringo. Punje ya mviringo inagonga na kulainisha, haichimbi. Mahali palipochimbwa ndipo maziwa ya jana hujificha.

Ukubwa nao watu hukosea kwa tamaa. Wanaona punje kubwa, wanadhani kazi itaisha haraka. Punje kubwa ina nguvu, ndiyo, kwa chuma kinene chenye magamba magumu. Bati jembamba ukilipiga nayo linajikunja kama chapati kwenye kikaango cha moto, na halinyooki tena kwa maombi wala kwa nyundo. Zile ndogo ziko nyingi kwa pigo moja, zinaingia kwenye kona, zinaacha uso mmoja. Anza na ndogo kabisa, jaribu kwenye kipande cha pembeni, ikishindwa ndipo upande kwenye kubwa. Niliharibu mlango mzima wa jokofu la hoteli kujua hilo, na mwenye hoteli bado hanisalimii vizuri.

Sumaku usiiamini. Kuna mafundi wanatembea nayo mfukoni kama daktari na kipimo chake, wakisema ikishika si stenlesi. Kuna stenlesi inayoshika na ni nzuri, na kuna isiyoshika. Mwenye kujua ukweli ni chumvi. Chukua punje kidogo, weka kwenye glasi, mimina maji ya chumvi kali, ziache zilale humo. Asubuhi maji yakiwa ya rangi ya chai, umeuziwa uongo, rudisha gunia. Hilo la chumvi nimeligundua mwenyewe, hapa, kwa meza hii. Katunge atakuambia analijua. Sawa, analijua, lakini mimi sikuambiwa na mtu.

Punje za stenlesi ni ghali na moyo utakuuma ukizinunua. Usiogope. Zinarudi kazini mara nyingi sana kabla hazijasagika, mradi uzichekeche kila mara, vumbi na vipande vilivyovunjika vitoke.

Na usizichanganye. Hili niligharimika zaidi kulijifunza, kwa hiyo lisikie mara mbili. Usizichanganye. Punje iliyogonga chuma cheusi inakibeba, itakipeleka popote utakapoielekeza. Kabati lake liwe lake, chekecheo lake, hata ufagio wake. Mtu akikucheka kwa kuwa na fagio mbili, mwambie ulitumwa na mama yako.

Nimeandika mpaka vidole vimekakamaa na bado sijasema lile jambo.

Wiki iliyopita ulipokuwa umeenda kuteka maji, Katunge alipiga simu. Tuliongea vizuri. Mvua, mbaazi, bei ya vyuma. Kisha akasema, "Usiwe na wasiwasi na Mwende. Hapa atakuwa kwao. Wasichana wangu wote hapa wananiita Mwaitu."

Nikasema, "Ni vizuri."

"Umenyamaza."

"Nimesema ni vizuri!"

"Dada, mimi sikuzaa," akasema. "Waache waniite."

Nikamwambia sufuria inaungua, na hakukuwa na sufuria motoni.

Nimelala na maneno hayo siku zote hizi. Mwenzangu hakujaliwa mtoto, na mimi naringa sokoni na jina la wangu. Ningekuwa mwema ningesema mwite, litamfurahisha, neno haliishi. Kina mama wa kanisa wangenisifu. Lakini kulisema siwezi. Wewe fikiria, kibao cha karakana kinasema Mama Mwende. Muhuri wangu ni Mama Mwende. Hata Abdi hajui jina nililobatizwa. Ulipomaliza chuo cha ufundi nilikuwa nimeshapaka rangi ile meza ya pili, kumbuka, nikakuambia ni ya wateja. Ilikuwa yako. Ukaja ukaniambia umeandikia Tawa na umekubaliwa, unataka kujifunza matangi. Nikasema hongera. Nilisema kwa sauti kubwa sana ndiyo maana uliniangalia vile.

Sikukuzuia, na sitakuzuia kesho. Matangi anayajua kuliko mimi. Nimeandika hayo kwa mkono wangu, ukitaka umsomee, lakini msomee akiwa ameketi.

Mwite Aunti. Mwite fundi, mwite bosi, mwite Bi. Katunge, mpikie chai, mheshimu kama unavyoniheshimu mimi, na ongeza, maana hiyo yangu huwa hainitoshi. Akiugua mshike. Na ikitokea siku moja, umechoka, umeungua mkono, akakufunga kitambaa, na lile neno likakuponyoka, likuponyoke. Sitakuja Tawa na fimbo. Lakini usiniambie. Hilo tu ndilo naomba. Na ukija nyumbani, ulitamke hapa mlangoni kwa nguvu, majirani wasikie.

Nikuambie ninachojifariji nacho. Wewe umekulia kwenye kabati langu dogo, la punje zilizochanganyika. Katunge atakusafisha, atakulainisha, utatoka unang'aa rangi moja. Lakini mvua ya kwanza ikinyesha nitatokea. Utashika nozeli ya mpira wa hewa kwa mkono wa kushoto kama mimi. Utagombana na mteja anayeharakisha. Utacheka kwa kelele. Naye atakuangalia na atajua mara moja, maana ana macho, kwamba hapa palipita mwingine kabla yake. Hiyo kutu asiiondoe.

Ndani ya sanduku lako, chini ya leso ya kijani, kuna kopo la majani ya chai. Usilipeleke jikoni. Ni punje za stenlesi, ndogo, za mviringo, nilizochagua mwenyewe na kuchekecha mpaka macho yakauma. Ukifika Tawa na ukishapumzika, chukua glasi mbili. Moja uweke zangu, moja uweke zake. Maji yale yale, chumvi ile ile, usimpendelee mtu. Zilale.

Kama zake ndizo zitatoa rangi ya chai, nipigie simu hapo hapo, hata kama ni katikati ya ibada. Nitatoka nje nicheke.

Kama glasi zote mbili ni safi, mwambie Katunge nimesema amejitahidi.

Na kama ni zangu, Mwende, usipige simu. Jambo kama hilo haliambiwi mtu kwa simu. Njoo mwenyewe uniambie, ulale siku mbili.

Nasikia mnaimba wimbo wa kufunga, upepo unauleta hadi hapa. Wacha nichemshe maji, utakuja na kiu.

Mimi,
Mwaitu, na hakuna mwingine, Kitui yetu na Makueni ya Tawa zote mbili zikiwekwa pamoja.